Grantley Adams: Wakili aliyewashinda wafanyakazi kabla ya kuwaongoza

Siku hizi hotuba za Mia Mottley, Waziri Mkuu wa Barbados, zinasambazwa Nairobi na Dar es Salaam kwa kasi ambayo mawaziri wetu wengi wa mambo ya nje hawajawahi kuipata. Tangu wakuu wa Afrika na wa nchi za Karibi walipokutana Addis Ababa Septemba 2025 kuzungumzia fidia ya utumwa na ukoloni, sifa za Barbados zimezidi, na kwenye mijadala ya mitandaoni imejengeka hadithi iliyonyooka kama rula. Barbados, tunaambiwa, ni kisiwa kisichopiga magoti. Kiliing'oa sanamu ya Nelson, amiri wa majini wa Uingereza, Novemba 2020, mwaka mmoja baadaye kikamvua Malkia wa Uingereza ukuu wa nchi, na chama chake cha Labour kikazoa viti vyote 30 vya Bunge mwaka 2018, kisha vyote tena 2022. Kwa hiyo Mottley anarithi damu ya wanamapinduzi. Wapo pia wanaoisimulia kinyume: viongozi wa zamani wa Karibi walikuwa vibaraka waliovishwa nishani na Mwingereza, na yeye ndiye wa kwanza kunyanyua kichwa.

Simulizi zote mbili zinagota kwa mtu mmoja, Grantley Herbert Adams, aliyekijenga chama hicho na ambaye sura yake iko kwenye noti ya dola 100 ya nchi hiyo. Adams hakuanza upande wa wafanyakazi. Alianza kwa kuwapiga mahakamani, kwa ustadi mkubwa, na kwa malipo. Hakuwa pia kibaraka aliyenunuliwa. Hoja yangu ni kwamba alikuwa wakili tangu mwanzo hadi mwisho, hata alipokuwa Waziri Mkuu, na imani yake kuu ilikuwa ya kiwakili: kwamba mahali fulani juu kuna mamlaka yenye akili ambayo, ikiletewa hoja nzuri, itatoa haki. Kilichobadilika katika maisha yake ni wateja. Imani hiyo iliwapatia wafanyakazi wa Barbados vitu ambavyo hasira peke yake isingewapatia, na imani hiyohiyo ndiyo iliyomwangusha. Tukimwelewa hivyo tunaelewa vizuri zaidi kinachoendelea leo kwenye meza ya fidia.

Barbados ina kilomita za mraba 430 hivi, karibu robo ya Unguja. Bunge lake lilianza 1639, na wakubwa wa kisiwa walijivunia umri huo kama vile bunge la kale ni lazima liwe bunge la watu. Katika miaka ya 1930 kura ilikuwa ya wenye ardhi, mali au kipato cha kutosha, na mwanamke hakuwa nayo kabisa. Ardhi ilikuwa miwa, na miwa ilikuwa mali ya familia chache za Wazungu pamoja na wafanyabiashara wa Bridgetown. Sheria ya mabwana na watumishi ya 1840, iliyotungwa mara baada ya utumwa kukoma, ilimfunga kibarua kwenye shamba kwa kumpa kipande cha kuwekea nyumba yake: ukiacha kazi, unahama na nyumba. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezewa sana sheria hiyo, maana ya kwetu yenye jina la namna hiyo ilikuja 1906, ikamfanya mwajiriwa aliyetoroka kazi kuwa mhalifu. Shambani Barbados malipo yalikuwa karibu shilingi moja kwa siku, na wazee walisema hayajasogea sana tangu enzi za babu zao.

Katika nchi hiyo Adams alizaliwa 28 Aprili 1898, mtoto wa mwalimu mkuu mweusi wa shule ya St Giles. Ualimu ulikuwa daraja la juu kabisa ambalo familia kama yake ingetarajia, na ndani ya nyumba za namna hiyo elimu ilikuwa na nafasi iliyokaribia ya dini. Alisoma Harrison College, akashinda ufadhili wa Barbados mwaka 1918, ule uliotolewa kwa wachache mno kila mwaka, akaenda Oxford. Huko aliwapenda Waliberali wa Asquith, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, wakati chama chao kinaelekea kuzimika. Akapokelewa uwakili Gray's Inn, ule wa kuvaa wigi na kusimama mbele ya majaji wa mahakama za juu, kisha akarudi nyumbani 1925. Kijana wa namna hiyo alikuwa na njia mbili mbele yake. Dakta Charles Duncan O'Neal, tabibu aliyesomea Uingereza, alikuwa ameshaanzisha Democratic League mwaka 1924, akidai kura kwa wengi na elimu kwa watoto waliokuwa wakitumwa mashambani. Adams hakujiunga naye. Alishika kalamu katika Agricultural Reporter, gazeti la wenye mashamba, akawa anamshambulia O'Neal na wenzake kwa makala zilizoandikwa kwa Kiingereza safi cha Oxford.

Kisha ikaja kesi ya 1930. Clennell Wickham, mhariri wa The Herald, alikuwa mwandishi mkali kuliko wote kisiwani, na gazeti lake ndilo vibarua walilosomewa kwenye vijiwe. Mfanyabiashara mmoja wa Bridgetown alimshtaki kwa kumkashifu. Wakili wa mshtaki alikuwa Adams. Mlalamikaji akashinda, fidia iliyoamriwa ikalivunja gazeti, Wickham akapoteza chombo chake na baadaye akahamia Grenada, alikofia 1938. Adams hakuvunja sheria yoyote. Alifanya kazi aliyolipwa. Lakini usisome maisha yake kwa kuruka ukurasa huu, kama sherehe za kitaifa zinavyopenda kuuruka. Mtu aliyekuja kuitwa baba wa demokrasia ya Barbados ndiye aliyelizima jukwaa pekee la maana la maskini wa kisiwa hicho, miaka saba kabla hawajaingia barabarani.

Mwaka 1934 aliingia Bungeni kwa tiketi ya jimbo la St Joseph, akiwa bado mwanaliberali wa kawaida anayetaka marekebisho kwa adabu. Aliyemgeuza hakuwa O'Neal, aliyefariki 1936, wala kitabu. Ni mteja. Machi 1937 aliingia kisiwani Clement Payne, mzaliwa wa Trinidad aliyelelewa Barbados na wazazi wake Wabarbados. Alianza kuhutubia usiku Golden Square, Bridgetown, akizungumzia vyama vya wafanyakazi, akieleza migomo ya mafuta ya Trinidad na jina la Uriah Butler aliyeiongoza. Serikali ilimtafutia kosa ikalipata kwenye fomu ya uhamiaji: aliandika kwamba amezaliwa Barbados. Julai 22 alitiwa hatiani na kutozwa pauni 10. Akakata rufaa, na wakili wake akawa Adams. Julai 26 rufaa ikashinda. Siku hiyohiyo serikali ikamsafirisha Trinidad kwa amri ya kumfukuza nchini.

Hapo ndipo pa kutulia. Wakili alishinda kesi na mteja wake akaondolewa vilevile. Kwa mtu aliyeishi akiamini kwamba mahakama ndiyo neno la mwisho, hakuna somo kali kuliko hilo. Na watu waliokuwa wamekusanyika wakitarajia kumpokea Payne walielewa jambo haraka kuliko wakili wake. Usiku huo Bridgetown ililipuka, kesho yake vioo vya maduka vikavunjwa na magari kutupwa baharini, ghasia zikaenea vijijini ambako watu wenye njaa walichimba viazi vya mashamba ya matajiri. Polisi walipiga risasi. Watu 14 waliuawa, 47 wakajeruhiwa, mamia wakakamatwa. Waliokuwa karibu na Payne walilipa zaidi: Ulric Grant alifungwa miaka 10 kwa uchochezi.

Wapo wanaosema, na hoja yao ina uzito, kwamba tangu hapo Adams alivuna alichopanda Payne. Walikufa vibarua, wakafungwa kina Grant, Payne akafa Trinidad 1941 hali ni fukara, na wakili akapanda ngazi hadi uwaziri mkuu. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Hata chama chenyewe cha Labour hakukianzisha peke yake. Machi 1938 walioketi kukiunda walikuwa wengi, mwenyekiti wa kwanza hakuwa yeye, na 1939 ndipo alipokishika baada ya kumshinda katibu mkuu Herbert Seale, aliyetaka mwendo wa haraka zaidi. Lakini wanaoishia hapo wanasahau kuuliza ghasia zingeishia wapi bila mtu wa kuzigeuza kuwa madai. Risasi zilipokoma, wakubwa wa kisiwa walitaka jambo liitwe uhuni wa wachache waliodanganywa na mgeni. Adams alikwenda London mwaka huohuo kuieleza Wizara ya Makoloni kwamba chanzo ni njaa na mishahara. Tume ya ndani iliyoongozwa na George Deane ilipokaa, alitoa ushahidi. Tume ya Kifalme ya Lord Moyne ilipofika mwanzoni mwa 1939, alikuwa amejiandaa kama wakili anavyojiandaa kwa kesi ya maisha yake: umiliki wa ardhi, faida za viwanda vya sukari, chakula cha mtoto. Ndani ya tume hiyo alikaa Walter Citrine, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi vya Uingereza, ambaye hakuhitaji kufundishwa maana ya namba hizo.

Matokeo yake yalifika hadi kwetu, jambo ambalo nashangaa halitajwi kwenye mijadala ya undugu wa Afrika na Karibi. Migomo ya Trinidad, Barbados na Jamaica, pamoja na ile ya Ukanda wa Shaba wa Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1935, iliitia London hofu kiasi cha kuzaa sheria ya 1940 ya maendeleo na ustawi wa makoloni. Koloni lililotaka fedha za sheria hiyo lilitakiwa liwe na sheria inayokubali vyama vya wafanyakazi. Makuli wa Mombasa waliogoma 1939 walikuwa na sababu zao wenyewe na hawakungoja mtu wa Karibi awaonyeshe njia, lakini maofisa wa kazi walioanza kuonekana kwenye ofisi za wakoloni baada ya hapo walitokana kwa sehemu na hofu iliyoanzia Bridgetown na Kingston. Wafu 14 wa Barbados wana mkono wao katika sheria za kazi za Kenya na Tanganyika.

Nyumbani kwake, Adams alizitumia sheria hizo haraka. Barbados Workers' Union, umoja wa wafanyakazi, ilizaliwa Oktoba 1941, yeye akiwa rais na Hugh Springer, wakili mwingine, akiwa katibu mkuu. Kiwango cha kipato cha kupigia kura kilishushwa 1943 kutoka pauni 50 hadi 20, wanawake wakapata kura. Mwaka 1946 Gavana Bushe alikubali mpango wa kumfanya kiongozi wa kundi lenye nguvu Bungeni awe na usemi serikalini, na kiongozi huyo akawa Adams. Uchaguzi wa kwanza wa kila mtu mzima ulifanyika 1951. Chama chake kikapata viti 15 kati ya 24. Februari 1954 akawa Waziri Mkuu wa koloni. Kutoka kwenye mauaji ya 1937 hadi hapo ni miaka isiyofika 17, bila gereza lake na bila risasi ya pili.

Sasa upande wa mashtaka. Shtaka linalopendwa zaidi mitandaoni ndilo dhaifu kuliko yote: kwamba alikubali kuitwa Sir mwaka 1957, kwa hiyo alikuwa amenunuliwa. Kwa kipimo hicho Alexander Bustamante wa Jamaica, aliyejenga chama kikubwa cha wafanyakazi na kuwekwa kizuizini na gavana kuanzia 1940 hadi 1942, naye ni kibaraka, maana aliitwa Sir vilevile. Frank Walcott, aliyeiongoza Barbados Workers' Union kwa zaidi ya miaka 40 na kumtoa jasho kila mwajiri wa kisiwa, naye alikuwa Sir. Nishani inatueleza serikali ilitaka kumheshimu nani, haituelezi mtu alifanya nini kabla ya kuipata. Zaidi ya hapo, mtu hununuliwa ili aseme asichokiamini, na Adams alikuwa akisema yaleyale tangu chuoni, bure.

Shtaka lenye nguvu ni jingine, nalo linatoka kwenye imani yake, wala halihitaji kumtafutia hongo. Mwaka 1948, Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ulipokutana Paris, Adams alikaa kwenye ujumbe wa Uingereza na kuitetea sera yake ya makoloni dhidi ya lawama za kambi ya Kisovieti. Wapigania uhuru wa Afrika na wenzake wengi wa Karibi walichukizwa, na wana haki ya kuchukizwa. Mwaka ule Accra ilikuwa imeshuhudia askari wastaafu wakipigwa risasi mwezi Februari, na Zanzibar kuwa na mgomo mkubwa mwezi Agosti. Kuna namna ya kumtetea: alitazama Barbados, akaona kura, chama na sheria za kazi vikipatikana kwa hoja, akadhani ukoloni wote unasikiliza hivyo. Utetezi huo ndio unaomtia hatiani, kwa maoni yangu. Alichukua kesi yake moja akaifanya sheria ya dunia nzima. Oktoba 1953 alirudia. Uingereza ilituma majeshi Guiana, koloni lake la Amerika Kusini, na kuisimamisha katiba baada ya serikali ya Cheddi Jagan kukaa madarakani siku 133 tu, na Adams, kama Bustamante na Norman Manley, hakusimama na Jagan. Hofu ya ukomunisti ilikuwa kweli, na vyama vya wafanyakazi duniani vilikuwa vimegawanyika vipande viwili tangu 1949. Hata hivyo, kiongozi aliyechaguliwa kwa kura halali aliondolewa kwa meli za kivita, na mtetezi mkuu wa kura Karibi aliona ni sawa.

Linganisha na wakili mwingine wa Karibi wa miaka hiyohiyo. Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa na ofisi Moshi, alikuwa akihangaika kupanga utetezi wa Jomo Kenyatta na wenzake kule Kapenguria, kesi ambayo wakili Mwingereza D. N. Pritt aliisimamia akijua hakimu ameshaamua. Thompson alikwenda mahakamani bila kuiamini, akaitumia kama jukwaa ili dunia isikie. Adams aliiamini. Wote wawili walikuwa na elimu ya Oxford na wigi la Kiingereza, kwa hiyo tusitafute kosa kwenye masomo. Thompson alikuwa akifanya kazi mahali ambapo walowezi walikuwa na bunduki na hali ya hatari imetangazwa. Ukoloni aliouona haukuwa na muda wa kusikiliza rufaa.

Nyumbani nako mambo yalianza kumponyoka. Waliokuja nyuma yake waliona mwendo wake umekuwa wa mtu mwenye kesi iliyokwisha. Walcott aligombana naye 1954, chama cha wafanyakazi na chama cha siasa vikaachana, na Adams akaacha urais wa umoja aliouongoza tangu mwanzo. Mwaka uliofuata Errol Barrow, wakili pia, alitoka na wenzake wakaunda Democratic Labour Party. (Barbados ina ugonjwa wa mawakili kuliko nchi yoyote ninayoijua: Adams, Springer, Barrow, mwanawe Adams aitwaye Tom aliyekuja kuwa Waziri Mkuu 1976, na Mottley mwenyewe. Sijui wahandisi wa kisiwa hicho hujisikiaje.)

Kilichommaliza lakini ni Shirikisho la West Indies. Mwaka 1958 visiwa na makoloni 10 viliungana, Adams akawa Waziri Mkuu wa kwanza, na kama ilivyotokea, wa mwisho. Manley wa Jamaica na Eric Williams wa Trinidad walibaki makwao walikokuwa na nguvu. Yeye akapewa kiti kikubwa kisicho na miguu. Serikali yake haikuwa na uwezo wa kutoza kodi ya mapato kwa miaka mitano ya mwanzo. Jamaica, yenye zaidi ya nusu ya watu wote, ilikuwa na viti 17 kati ya 45. Katika hali hiyo Adams alisema, kabla mwaka haujaisha, kwamba muda huo ukipita serikali ya Shirikisho inaweza kutoza kodi na kuirudisha nyuma hadi siku ya kuundwa kwake. Kama tafsiri ya katiba, ilikuwa hoja ya kujadiliwa na majaji. Kama siasa, ilikuwa maafa. Bustamante alikuwa na kila alichohitaji kuwaambia Wajamaika kwamba kuna mtu Port of Spain, makao ya Shirikisho, anakuja kuingia mifukoni mwao. Septemba 1961 walipiga kura ya maoni na asilimia 54 wakakataa. Williams akatoa hesabu yake maarufu: kumi ukitoa moja, jibu ni sifuri. London, mahakama ya mwisho ya maisha yake yote, ikakubali Jamaica itoke. Shirikisho lilizikwa 31 Mei 1962.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini mtu aliyewashawishi makamishna wa Moyne alishindwa kuwashawishi wakulima wa Jamaica, na nadhani jibu linaonekana ukiiangalia Nairobi ya Machi 1957. Katika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia Baraza la Kutunga Sheria, kiti cha Nairobi kiligombewa na C. M. G. Argwings-Kodhek na Tom Mboya. Argwings-Kodhek alikuwa Mkenya Mwafrika wa kwanza kuwa wakili wa aina ya Adams, mtu jasiri aliyewatetea watuhumiwa wa Mau Mau wakati ambapo kufanya hivyo kulihatarisha leseni na maisha. Mboya alikuwa mkaguzi wa afya wa zamani wa baraza la jiji aliyegeuka kuwa katibu wa wafanyakazi. Mboya alishinda. Wakili alikuwa na wateja wanaomshukuru. Katibu wa wafanyakazi alikuwa na wanachama waliolipa ada, waliojuana, na ambao angeweza kuwarudia wiki inayofuata. Adams alikuwa na vyote viwili kati ya 1941 na 1954, na huo ndio wakati alioshinda kila kitu. Alipokwenda Shirikisho hakuwa tena na umoja nyuma yake, alibaki na hoja.

Hapa Tanganyika tulipita njia nyingine. Rashidi Kawawa alitoka kwenye uongozi wa vyama vya wafanyakazi akaingia serikalini, na serikali ilipoogopa nguvu ya vyama hivyo baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, ikavifuta na kuunda NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi kwa nchi nzima. Kenya ilifuata kwa COTU, shirikisho lake la vyama vya wafanyakazi, mwaka 1965. Sisi hatukuwa na mawakili wa kutosha kumlaumu mmoja wao. Barbados, iliyoongozwa na mtu aliyeamini utaratibu kupita kiasi, ilibaki na chama cha wafanyakazi kilichoweza kumkatalia Waziri Mkuu aliyekianzisha, naye akakubali kushindwa bila kumkamata mtu. Chama chake kiliposhindwa uchaguzi wa Desemba 1961, alikubali pia. Mwaka 1966, uhuru ulipotangazwa chini ya Barrow, yeye alikuwa kiongozi wa upinzani, akakaa kwenye kiti hicho hadi 1970, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Kwa bara lenye waasisi wengi waliong'ang'ania, sifa hiyo haistahili kupitwa haraka, hata na sisi tunaomlaumu kwa Paris na Guiana.

Barbados yenyewe imeamua kutochagua. Mwaka 1998 ilitangaza mashujaa 10 wa taifa, na orodha hiyo ina O'Neal, Payne, Adams, Springer, Walcott na Barrow kwa pamoja, watu waliopingana na hata kuumizana. Siku ya mashujaa ikawekwa 28 Aprili, siku ya kuzaliwa Adams. Wickham hayumo. Rihanna aliongezwa 2021.

Ndiyo maana nasema Mottley anamrithi Adams kuliko anavyomrithi Payne, na hilo silisemi kwa kumtukana. Mpango wake wa Bridgetown wa 2022 unataka kanuni za mikopo na mabenki ya dunia zibadilishwe ili nchi zinazopigwa na vimbunga na ukame zisizame kwenye madeni. Ni muhtasari wa kisheria wa kiwango cha juu, umeandaliwa kwa ajili ya majaji walioko Washington. Madai ya fidia ya CARICOM, jumuiya ya nchi za Karibi, ambayo tume yake inaongozwa na mwanahistoria Mbarbados Hilary Beckles, nayo yamepangwa kwa mtindo huo: ushahidi, hesabu, vifungu. Afrika imeyapokea Addis na kuyafanya yake, na viongozi wetu wamerudi nyumbani wakizungumza kama mawakili wa kesi nzuri.

Kesi ni nzuri kweli. Lakini Lord Moyne hakufunga safari kwenda Bridgetown kwa sababu Adams alikuwa na hoja. Hoja alikuwa nazo kabla, na angeendelea kuandika makala. Alikwenda kwa sababu ya Golden Square, na alipofika akamkuta wakili ameshajiandaa. Upande wetu wa bahari kuna makabrasha ya fidia yaliyoandikwa na mawaziri, yakapitishwa na wakuu wa nchi, huku katibu wa chama cha wafanyakazi wa bandari, mwalimu wa Kigoma na mchuma chai wa Kericho hawajawahi kuulizwa wangetaka fidia hiyo ilipwe nini na kwa nani. London imeshasema mara kadhaa kwamba hailipi. Haina sababu ya kubadili kauli, kwa kuwa hadi sasa haijaona mtu yeyote nyuma ya wakili.